Gemu za maandishi (Adventure, Zork na ndugu zake): ukikwama, kosa ni lako au ni la kamusi ya gemu?

#1 Kibatari (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naleta hoja, nipingeni kwa hoja.

Hizi gemu zisizo na picha, unasoma maelezo ya mahali kisha unaandika amri, watu wanazisifia kwamba zinapima akili. Mimi nasema sehemu kubwa ya kukwama haina uhusiano na akili. Jibu unalo, ila hujui gemu inataka uliseme kwa neno gani.

Mfano: joka la Adventure (gemu ya kusaka hazina pangoni), toleo la pointi 350. Limejilaza juu ya zulia la Kiajemi. Ukilitupia shoka linadunda kwenye magamba. Ukiandika KILL DRAGON, gemu inakuuliza: kwa kutumia kitu gani, mikono mitupu? Mtu yeyote atadhani ni kejeli, atahangaika na amri nyingine. Kumbe unatakiwa ujibu YES tu, joka linakufa. Hilo ni fumbo, au ni utani wa mtunga programu?

Nacheza ile ya bsdgames (pakiti ya gemu za zamani) kwenye Ubuntu. Sasa hivi nimekwama kwa nyoka. Ndege namwona, tundu ninalo, kila nikimshika anakataa. Asiyetaka kuharibiwa utamu asishuke chini.

#2 Mama Ramani
Umeshika fimbo nyeusi, siyo? Andika DROP ROD humo humo chumbani, kisha TAKE BIRD ukiwa na tundu. Akishaingia tunduni okota fimbo yako, hana habari nayo tena. Usiitelekeze, maana kwenye ule ufa mkubwa unaipunga na daraja la kioo linatokea. Nyoka usipigane naye, mfungulie ndege mbele yake: FREE BIRD.

Na hoja yako imeanza kuvuja mapema. Maelezo yalikwambia ndege hakuogopa ulipoingia, alifadhaika ulipomkaribia. Basi kuna kitu umebeba. Mkononi una vitu vitatu vinne, unaviweka chini kimoja kimoja mpaka ujue ni kipi. Kamusi inaingiaje hapo?

#3 fundi_saa
Subirini kwanza. Mleta uzi hajampita nyoka lakini joka ameshaliua? Joka liko ng'ambo ya nyoka. Umesoma majibu mahali ukaja kutuuzia humu.

#4 Kibatari
Sijasoma popote mkuu. Pale ukumbini kwa nyoka niliandika SW (kusini-magharibi) mara tatu nne, mara moja ikanipitisha. Sikujua kwa nini.

#5 Kipanga
Hajadanganya. Ukumbi wa Mfalme wa Mlimani una njia ya SW inayokupitisha hata nyoka akiwepo, kwa nafasi ya 35 katika 100. Zile 65 nyoka anakuzuia kama kawaida. Ndivyo lilivyo jedwali la safari la Don Woods, mmoja wa waandishi wa gemu hii, 1977. fundi_saa mwombe mwenzio radhi.

Kibatari, swali la maana zaidi: mwanzo kabisa ilipokuuliza kama unataka maelekezo ulijibu nini?

#6 Kibatari
YES. Mgeni si lazima aulize njia?

#7 Kipanga
Basi taa yako ina hatua 1000. Anayejibu NO anapewa 330 tu. Ila umelipia: pointi 5 zimekatwa pale pale, kwa hiyo hata ukimaliza kila kitu kilele chako ni 345.

Betri mpya zipo, kwenye mashine iliyo ndani ya mzingile wa pili. Unatumbukiza sarafu, taa inaongezewa hatua 2500. Lakini sarafu zenyewe ni hazina, ukizinunulia betri umezipoteza kwenye hesabu ya mwisho. Onyo la taa kufifia linakuja zikiwa zimebaki hatua 30, na kutoka ndani kabisa ya pango hatua 30 hazikufikishi mbali.

#8 fundi_saa
Radhi, Kibatari. Hiyo SW sikuijua.

#9 Mama Ramani
Nirudi kwenye mada. Mimi nasema kinachokwamisha ni ramani. Mtu anakwambia "nimejaribu kila kitu", ukimwomba karatasi hana, au ana vimistari viwili vya pembeni.

Chukua mzingile wa kwanza wa Adventure, ule ambao kila chumba kinakuambia maneno yale yale. Usichore mistari, kwa sababu ukienda N kisha S hutarudi ulikotoka. Tengeneza jedwali. Safu za kulala ni vyumba, za kusimama ni pande 10: N, S, E, W, NE, NW, SE, SW, U (juu), D (chini). Mwisho wa kubeba ni vitu 7, taa ikiwa mmojawapo, kwa hiyo unaingia na vitu 6 vya alama: funguo, chupa, chakula, tundu, fimbo, gazeti. Kila chumba kipya weka kitu kimoja chini, kisha jaribu pande zote na ujaze. Vikiisha, okota cha chumba ambacho safu yake imejaa na unajua kukifikia kutoka kwenye chumba kingine chenye alama.

Usitumie hazina kama alama. Haramia akipita anazoa hazina tu, takataka zako haziangalii. Na sanduku lake limo humo humo mzingileni, kwa hiyo jedwali hili hulijazi bure.

#10 Ngalawa
Nyongeza ndogo kwa Mama Ramani: hiyo ni ya mzingile wa kwanza peke yake. Wa pili, wenye mashine ya betri, usiweke kitu chini hata kimoja. Maelezo yake yanafanana kwa haraka haraka tu. Ukisoma vizuri, maneno ni yale yale ila mpangilio umebadilishwa: huku neno la udogo linatangulia, kule linafuata, kwingine neno la kupinda limehamishwa. Nakili sentensi nzima. Hiyo sentensi ndiyo jina la chumba.

Kwa hiyo nawapinga wote wawili. Anayekwama hapo hana tatizo la kamusi wala ramani. Hasomi.

#11 fundi_saa
Na mbinu ya kuweka vitu chini msiipeleke Zork I. Kule kuna mwizi anayezurura. Ukiweka upanga wako kwenye mzingile, baada ya hatua kadhaa unasikia sauti kwa mbali ikishangaa upanga mzuri hivi unafanya nini hapa. Tayari, alama imeondoka na jedwali lako ni uongo.

Lakini naleta sababu ya nne, na kwangu ndiyo kubwa: unakuta umeshashindwa zamani na gemu haikukwambia. Kamusi sawa, ramani sawa, umesoma vizuri, lakini kitu ulichokihitaji ulishakiharibu saa mbili zilizopita. Zork I imejaa hayo:

Yai la vito lililo juu ya mti. Ukilifungua mwenyewe linavunjika, na kanari wa ndani anaharibika. Anayeweza kulifungua bila kuliharibu ni mwizi. Unamwacha alichukue au unampa, baadaye unamwua kwake na kulikuta limefunguliwa. Kisha kanari unamtia ufunguo ukiwa msituni, ndege anakuja kukudondoshea kipambo cha shaba. Aliyelivunja yai asubuhi amekosa hazina mbili na anaendelea kucheza kwa furaha.

Boti la kupuliza. Ukipanda umeshika kitu chenye ncha, upanga au kisu, linatoboka. Hili angalau lina dawa: ule utomvu wa ndani ya tyubu unaoupata kwenye chumba cha mafundi wa bwawa. Ila kama tyubu umeitumia kwingine, pole.

Mgodi wa makaa. Kuna chumba cha gesi. Ukiingia na mwenge unaowaka unalipuka. Taa ya betri haina neno. Sasa huko chini zaidi kuna upenyo mwembamba usioupita na mzigo, hata taa unaiacha, na ng'ambo yake ni giza. Kwa hiyo kabla ya kushuka, pale kwenye shimo la kikapu, unaweka mwenge, makaa na bisibisi kikapuni unakishusha. Unazunguka kwa miguu na taa yako, unaacha vyote mlangoni mwa upenyo, unapita mikono mitupu, na ng'ambo unakuta mwenge unakumulikia. Makaa yanaingia kwenye mashine, funga kifuniko, zungusha swichi kwa bisibisi. Almasi.

#12 Kipanga
Makaa hayapo juu, fundi. Makaa yako ndani, baada ya chumba cha gesi na ule mzingile mdogo wa mgodini. Unashuka kuyachukua kwanza, unarudi nayo juu kwenye kikapu, ndipo unashusha. Safari mbili.

Na boti hujamaliza. Fimbo ya kifalme nayo ina ncha, inatoboa vile vile.

#13 fundi_saa
Ni kweli, safari mbili. Nimeruka hatua.

#14 NaiMtaani
Hiyo ya fundi_saa ina jina na vipimo kabisa. Andrew Plotkin, mtunzi wa gemu hizi, aliweka ngazi tano za ukatili mwaka 1996: ya huruma, ya adabu, ngumu, chafu, na katili. Ya huruma huwezi kukwama kabisa. Ya adabu unaweza kufa au kukwama lakini unaona pale pale, UNDO (amri ya kurudi hatua nyuma) moja inatosha. Ngumu, unajua kitu fulani ni cha hatari kabla hujakifanya. Chafu, unajua baada ya kukifanya. Katili, hujui kabisa. Yai la Zork nadhani ni chafu, maana ukilivunja unaambiwa. Katili ya kweli ni sandwichi.

#15 Mzee Kobe
Sandwichi gani tena boss? Wengine tunasoma tukiwa na njaa.

#16 NaiMtaani
Hitchhiker's, gemu ya kampuni ya Infocom, 1984, Douglas Adams na Steve Meretzky. Mwanzo kabisa, ukiwa bado duniani, unanunua sandwichi ya jibini baa. Njiani kuna mbwa. Usipompa ile sandwichi hakuna kinachotokea, gemu inaendelea, dunia inalipuliwa, unazunguka angani masaa na masaa. Mbele sana unajikuta ndani ya kundi la meli ndogo mno za kivita, linafika duniani na kumezwa na mbwa mmoja mdogo. Yule yule. Kama hakushiba, umekwisha.

Na samaki wa sikioni ndani ya gemu hiyo hiyo, nao muutazame uchokozi wake. Mashine inamrusha samaki, anaingia tundu la ukutani. Unatundika gauni la kulalia kwenye kulabu, anateleza, anaingia tundu la sakafuni. Unaliziba kwa taulo, kiroboti cha usafi kinatoka kwenye kijimlango na kumnyakua. Unaweka mkoba mbele ya kijimlango, kinatokea kiroboti kingine cha juu. Unaweka rundo la barua za matangazo juu ya mkoba. Kile cha juu kinahangaika na barua, na samaki anakuangukia sikioni. Idadi ya samaki kwenye mashine ina kikomo. Na zile barua unaziokota nyumbani mwanzoni. Ukizisahau, nyumba haipo tena, hata dunia haipo.

#17 Mama Ramani
Lakini angalia hiyo ya samaki ilivyo ya haki. Kila jaribio likishindikana unaambiwa samaki ameishia wapi. Hilo ndilo fumbo zuri: kosa linakuonesha hatua inayofuata. La joka la Kibatari halikuoneshi kitu. La sandwichi ndiyo kabisa.

#18 Kibatari
Asante, ndiyo maana nikasema utani wa mtunga programu. Nyoka nimempita, ndege amefanya kazi yake.

Sasa nina zimwi darajani linataka hazina ili nipite.

#19 Ngalawa
Mpe mayai ya dhahabu, THROW EGGS. Ukishavuka unayaita yarudi: FEE, FIE, FOE, FOO, kila neno amri yake, kwa mfuatano huo, usichanganye amri nyingine katikati. Mayai yanarudi yalikokuwa mwanzo. Ng'ambo kuna dubu amefungwa mnyororo wa dhahabu. Mpe kile chakula cha kwenye nyumba ya kisima, atatulia, fungua mnyororo kwa funguo, chukua vyote viwili.

Kurudi na dubu: zimwi linakuzuia tena, hapo DROP BEAR, linakimbia. Usivuke daraja dubu akiwa bado anakufuata, linavunjika mkaangukia wote shimoni.

#20 Bin Mkunazini
Assalaam aleikum. Yakhe nyote mnazunguka. Nnaleta sababu ya tano, na hii hakuna ramani itakayokutoa.

Zork II, 1981. Kuna vyumba vya pembe pembe, sakafuni dirisha la umbo la almasi. Unakwenda huku na huku, wakati mwengine linang'aa, wakati mwengine halina habari na wewe. Jawabu: SE, NE, NW, SW. Kwa nini? Kwa sababu ni uwanja wa besiboli, unazunguka vituo kuanzia cha mpigaji. Na rungu utakalolikuta karibu na hapo ni gongo la besiboli. Mmarekani analijua tokea skuli ya chekechea. Mtu wa Mkunazini alijue wapi? Angelikuwa uwanja wa mpira wa miguu, basi hata bibi yangu angelitoka.

Sisi wenyewe tuna mchezo huu tokea zamani. Kitendawili. Tega. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Ukishindwa unatoa mji, unaambiwa jawabu, tunaendelea. Lakini tunajua sote yai ni nini. Fumbo la Zork II ni kitendawili cha majirani, umetegewa kwa lugha ya nyumba yao.

#21 Ngalawa
Hapana bwana. Dirisha linang'aa zaidi kila ukipatia upande, likizimika umekosea. Mtu akiandika chini kila jaribio anatoka bila kujua besiboli ni chakula au mdudu. Ni pande nne tu, na mwanga unakuthibitishia.

#22 Bin Mkunazini
Anatoka, lakini hakufumbua. Amekisia mpaka mlango ukafunguka. Hayo mawili si kitu kimoja, sheikh.

#23 Mama Ramani
Hapo nakubaliana na Bin Mkunazini nusu. Kuna mafumbo ya elimu uliyokuja nayo, kuna mafumbo ya elimu ambayo gemu yenyewe inakufundisha. Ya pili hayabagui. Suveh Nux ya David Fisher, 2007: umefungiwa kwenye chumba kimoja, una kitabu cha maneno ya uchawi, lugha ya kubuni kabisa. Unajifunza neno moja moja, unaliunganisha na lingine, mwisho unatunga amri ambazo kitabu hakikukupa. Mswahili na Mmarekani wanaanza mstari mmoja. Anayeanza gemu hizi namshauri aanze na hiyo kuliko Zork. Unamaliza jioni moja.

#24 Kipanga
Au Lost Pig, 2007. Anayesimulia ni zimwi lisilojua sarufi, Kiingereza chake ni kibovu kwa makusudi, kwa hiyo mwenye Kiingereza cha kuungaunga anajisikia nyumbani. Natania, ila si sana.

Faili za gemu hizi, .z5 na .z8, zifungueni kwa programu ya Frotz, au Gargoyle na Lectrote zinazofungua aina nyingi zaidi. Asiyetaka kusakinisha kitu kuna Parchment, inachezesha ndani ya kivinjari. Kumbukeni Zork I ni .z3, ndani yake haina UNDO. Sevu kila mnapoingia eneo jipya, na msiandike juu ya sevu ya zamani. Zork I nzima kwa sevu moja ni kujitakia, fundi_saa ameshaeleza kwa nini.

#25 NaiMtaani
Tumefika kwa lugha sasa. Si ndiyo sababu ya sita? Kiingereza cha gemu hizi si kile cha ofisini. Tunakwama kwa maneno kama lantern, grating, rug, sceptre. Gemu ya Kiswahili iko wapi? Inform, lugha ya kuandikia gemu hizi, ina tafsiri za Kihispania, Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia. Sisi?

#26 Mzee Kobe
Ya Kiswahili ukiandika "chukua taa" itakujibu "ngoja kidogo".

#27 Kipanga
Hahaha. Lakini swali ni zuri, ngoja nilijibu kifundi.

Inform 6 inaweka lugha kwenye faili moja. La Kiingereza ni English.h. Unaandika lako, Swahili.h, na wakati wa kukompaili unaongeza +language_name=Swahili. Humo unajaza pande za dunia, viwakilishi, namba, na majibu yote ya gemu. Kuna rutini ya LanguageToInformese inayoipokea sentensi ya mchezaji kabla parsa (kichambuzi cha amri) haijaigusa. Hapo ndipo utakapovunja "kifungue" kuwa "fungua" na kiwakilishi cha ki-.

Na hapa Kiswahili kinaizidi Kiingereza. Ukisema "it" gemu inabaki kukisia kitu cha mwisho kutajwa. Ukisema "kifungue" umeshaondoa mlango, sanduku na taa. Kimebaki kisanduku au kitabu. "Lifungue" ni sanduku. "Iwashe" ni taa.

Matatizo sasa. Moja, Inform inakupa jinsia 3, umoja na wingi, viumbe na visivyo viumbe, jumla nafasi 12. Visivyo viumbe vya umoja vinapata nafasi 3. Sisi tunahitaji 4 kwa uchache: u, li, ki, i. Haitoshi, itabidi kila kitu kipewe ngeli yake kwa mkono na rutini ya viwakilishi iandikwe upya. Mbili, "ufungue" ni "ufungue huo mlango" na pia ni "wewe ufungue". Tatu, vitenzi vikaidi: njoo, nenda, lete, kula. Vichache, unaviorodhesha tu.

#28 fundi_saa
Nne: urefu wa maneno. Faili la .z3 linasoma herufi 6 za mwanzo tu za kila neno. Mwanamke na mwanamume wote wanakuwa "mwanam". Gemu nzima ndoa zinavurugika. Tumia .z5, herufi 9, hapo wanaachana vizuri.

Ila kuna faida ya bure: "sanduku" na "sandukuni" zote zinaishia "sanduk", kwa hiyo -ni ya mahali huna haja ya kuishughulikia kwenye .z3.

#29 Ngalawa
Adventure yenyewe ni herufi 5. Ndiyo maana inakuambia northeast uandike NE, maana northeast na north kwake ni neno moja.

Na ninyi mnaotaka Swahili.h, vifupisho vya pande mtafanyaje? Kaskazini K. Kusini K. Mashariki M. Magharibi M.

#30 Bin Mkunazini
Kaskazini tumieni kibla. Wazee wa mwambao wanasema hivyo.

#31 Ngalawa
Kibla nayo ni K, sheikh. Umetuongezea tatizo.

#32 Mzee Kobe
Mchezaji wa kwanza atapotea kabla hajatoka sebuleni.

#33 Mama Ramani
Acheni utani, mnaweza kuweka KAS, KUS, MAS, MAG. Herufi tatu hazimuui mtu.

Mimi ninachokitamani kwa Kiswahili ni gemu ya aina ya Counterfeit Monkey ya Emily Short, 2012. Una kifaa cha kufuta herufi, unakielekeza kwenye kitu, herufi inatoka na kitu kinageuka kuwa kile jina jipya linachosema. Kiswahili kimekaa tayari: futa M kwenye mlango upate lango. Mkuki unakuwa kuki. Shoka ukifuta H unapata soka.

#34 fundi_saa
Mwezi ukifuta M wanashuka wezi.

#35 NaiMtaani
Hilo moja linatosha kuwa gemu nzima. Usiku, giza, unataka mwanga, unaharibu mwezi wenyewe na sasa una wezi.

Lakini hamjanijibu sababu ya sita.

#36 Kipanga
Siikubali sana. Maneno magumu ya Zork unayakuta yote kwenye maelezo ya chumba, unanakili lilivyo. Kinachowashinda watu ni vitenzi, na vitenzi gemu haikuoneshi. Kwa hiyo mwisho wa siku narudi kwa Kibatari: kamusi. Angalieni Loud Room ya Zork I, chumba chenye mwangwi kinachokurudishia kila unachoandika. Jibu ni kuandika ECHO. Huo si uchunguzi, ni neno.

#37 Ngalawa
Chumba chenye mwangwi, jibu ni "mwangwi". Na unasema hawakukuonesha?

#38 Kipanga
Na joka je?

#39 Ngalawa
Joka limekuuliza swali. Aliyeulizwa hujibu.

#40 Kibatari
Wakuu, baada ya siku kumi na moja nimemaliza. Pango limefungwa, fimbo yenye alama ya kutu nimeilipua kutoka upande wa pili, umati umenishangilia. Pointi 344. Zile 5 za maelekezo nazijua. Hii moja imeenda wapi? Hazina zote nimefikisha nyumbani, hakuna iliyovunjika, chombo cha Ming nilitandika mto kwanza.

#41 Kipanga
Gazeti la pangoni ulilipeleka wapi?

#42 Kibatari
Nilitumia kama alama kwenye mzingile, kama Mama Ramani alivyosema. Limebaki huko.

#43 Kipanga
Pointi ya mwisho ni kuliacha gazeti Witt's End, mahali fulani humo pangoni. Hakuna mahali gemu inakuambia. Na lazima liwe limeshawekwa kabla pango halijafungwa, baada ya hapo hufiki tena.

#44 Mama Ramani
Nimejiuzulu.

#45 Kibatari
Sasa hiyo ni kamusi, ramani, kusoma, ukatili au utamaduni? Maana naona haipo hata kwenye moja.

#46 fundi_saa
Ukatili. Nilishasema.

#47 Ngalawa
Si ukatili, unamaliza gemu vizuri bila hiyo.

#48 Kibatari
Nimeanza upya jana, safari hii nimejibu NO. Nikishaliacha hilo gazeti, kutoka Witt's End ni upande gani?

#49 Kipanga
Andika E, rudia. Kila jaribio nafasi ya kutoka ni 5 katika 100, zilizobaki inakuambia umetambaa ukarudi pale pale. Sevu kabla hujaingia.

Una hatua ngapi za taa?

#50 Kibatari
330 kasoro nilizotumia. Naona imebaki kama 90.

#51 Mzee Kobe
Wakuu, mwacheni atambae.